Sukari Adimu na Bakteria wa Matope



Mwaka jana, baada ya darasa la Magharibi, mwanafunzi mmoja alinifuata akaniuliza: "Ustadhi, hivi hakuna sukari ambayo mwenye kisukari akiitia kwenye chai haimdhuru? Bibi yangu huu ni mwaka wa tatu anakunywa chai bila sukari." Siku ile nilimjibu kwa kifupi kwamba ipo, akaondoka hajaridhika. Haya ndiyo maelezo yenyewe.

Kwanza tuelewe kuwa sukari si moja. Sukari tunayonunua dukani, ya miwa ya Kagera au Kilombero, ni sukari mbili zilizoshikamana: glukosi na fruktosi. Zipo nyingine ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka kidogo sana katika mimea, ndiyo maana wataalamu wanaziita sukari adimu. Mojawapo ni alulosi. Inapatikana kwenye tini, zabibu na ngano. Utamu wake ni kama asilimia 70 ya utamu wa sukari ya kawaida, lakini nguvu inayotoa mwilini ni kama sehemu moja ya kumi tu, kwa sababu sehemu kubwa yake hutoka na mkojo bila kutumika. Kwa hiyo haipandishi sukari ya damu kama ile tuliyoizoea. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilieleza kuwa haitailazimisha alulosi ihesabiwe pamoja na sukari nyingine kwenye lebo za vyakula. Hata hivyo si dawa, na mtu akila nyingi tumbo litamsumbua.

Taabu ni kuipata. Ninyi mnaotoka Nyarugusu na Geita mnajua jinsi mawe ya gari zima yanavyopitishwa kwenye karasha, yakaoshwa kwenye mialo, halafu mtu akaondoka na dhahabu ya kutosha kipini tu. Kuitafuta alulosi kwenye tini ni hivyo hivyo, tena afadhali dhahabu.

Njia nyingine ni kuibadilisha sukari iliyo rahisi. Fruktosi na alulosi zimeumbwa kwa vitu vile vile na kwa idadi ile ile: kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6. Tofauti ni mkono mmoja, kwenye kaboni ya tatu, unaoelekea upande mwingine. Chukua herufi ya baa katikati ya neno. Ondoa nukta yake chini, iweke juu. Meno ni yale yale, mwandiko ni ule ule, lakini sasa unasoma nuni na neno zima limebadilika maana. Alulosi ni fruktosi iliyohamishwa nukta.

Nani wa kuhamisha nukta hiyo? Ni kimeng'enya, yaani chombo kidogo sana ambacho viumbe hai hutengeneza ili kufanya kazi moja maalumu. Hata mate yetu yana kimeng'enya. Tafuna ugali kwa muda mrefu utaona unakuwa mtamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Profesa Ken Izumori wa Chuo Kikuu cha Kagawa, Japani, alimpata kwenye udongo bakteria mwenye kimeng'enya cha kufanya kazi hii.

Lakini bakteria wa porini hutengeneza kimeng'enya kwa kiasi cha kumtosha yeye mwenyewe. Hapo ndipo wanasayansi huchukua jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho, wakaipandikiza ndani ya bakteria mwingine anayefugika na kuzaliana haraka, kama E. coli. Huyu hufugwa kwenye matangi makubwa ya chuma, analishwa, na anatii maelekezo yasiyokuwa yake. Kisha kimeng'enya hugandishwa kwenye punje ndogo, na maji ya fruktosi yenye joto hupitishwa juu yake. Katika kila sehemu 100 za fruktosi, kama 30 hivi hugeuka alulosi. Zilizobaki hutenganishwa na kurudishwa tena.

Asione mtu kuwa haya ni mageni. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria iliruhusiwa Marekani mwaka 1982. Kabla ya hapo insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, kwa hiyo sisi Waislamu tuna sababu ya ziada ya kuijua elimu hii. Ama uhalali wa kila bidhaa, sitoi fat-wa hapa. Wanaotoa vyeti vya halali huuliza, pamoja na mengine, bakteria alilishwa nini.

Sasa angalieni jambo linalotugusa. Viwanda hupenda vimeng'enya vinavyostahimili joto na magadi, na bakteria wenye vimeng'enya hivyo huishi kwenye chemchemi za moto na maziwa ya magadi. Haya yapo kwetu: Natron, na Eyasi jirani na Meatu. Yapo Kenya pia, na huko mambo yamekwisha tokea. Mwaka 1992 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leicester cha Uingereza, walichukua sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Kutokana na bakteria hao kampuni ya Genencor ilipata kimeng'enya kinacholainisha pamba, kikatumika kufifisha rangi ya suruali za jinzi na kwenye sabuni za kufulia. Huenda jinzi yako ya mtumba ilipitia humo! Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilijitokeza kudai haki yake. Upande wa pili ulikana kosa.

Na kuna habari inayomhusu bibi moja kwa moja. Akabosi, dawa ya kisukari ya kampuni ya Bayer ya Ujerumani, hutengenezwa na bakteria ambaye asili yake ni Ziwa Ruiru, Kenya. Dawa hiyo yenyewe ina umbo linalofanana na sukari, ikaingia kwenye vimeng'enya vya utumbo na kuvizuia visivunje wanga haraka.

Dhahabu ikitoka Geita inapimwa kwa mizani. Bakteria hutoka ndani ya kichupa cha matope, na akishafika maabara huzaliana bila kuhitaji kurudiwa ziwani. Tangu Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 nchi inatambuliwa kuwa na mamlaka juu ya viumbe wake, hata hawa wasioonekana. Mwaka 2007 KWS walitia saini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark yenye mafunzo na mgao wa mapato ndani yake. Hapa Tanzania mtafiti wa kigeni hupaswa kuwa na kibali cha utafiti kutoka COSTECH. Ukimkuta mtu anachota matope ziwani kwa vichupa, muulize kwa adabu kama anacho.