Kabla hujanunua kamera, uliza habari za lenzi

NILIZALIWA na kusomeshwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Wazazi wangu waliishi kule zaidi ya miaka 30, lakini picha ya marehemu mama niliyonayo ni moja tu, tena ndogo ya kitambulisho. Ndiyo maana tuliporejea Makamba mwaka 2008 nilijiwekea ahadi: siku nikipata fedha nitanunua kamera, niwapige picha wazee wetu wangali hai.

Fedha zilipatikana mwaka 2019, baada ya kuuza ng'ombe. Nilivuka mpaka pale Mugina na Manyovu hadi Kigoma, nikanunua Nikon D3200 iliyotumika pamoja na lenzi ya 50mm f/1.8D. Muuzaji alinisifia: "Mwalimu, hii ni lenzi ya wakubwa."

Kazi ya kwanza ilikuwa harusi ya mtoto wa dada yangu. Kila nilipobonyeza kitufe, lenzi haikujilenga yenyewe. Nikawa naizungusha kwa mkono huku maharusi wanatembea. Nilirudi na picha za ukungu tupu, pamoja na ile ya bibi harusi na babu yake, yaani baba yangu. Tulimzika miezi minne baadaye.

Kosa lilikuwa nini?

Kamera ndogo za Nikon, kama D3200, D3300 na D3500, hazina mota ya kulenga ndani ya mwili wake. Mota lazima iwe kwenye lenzi. Lenzi zenye alama AF au AF-D hazina mota hiyo. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Kwa upande wa Canon hakuna shida hii, kwani lenzi za EF na EF-S zina mota zake.

Anayeanza atoshwe na lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera. Inafaa kwa picha za kundi na za nje. Hakikisha ina herufi IS kwa Canon au VR kwa Nikon, maana hiyo hupunguza mtikisiko wa mkono.

Ukianza kupata wateja, ongeza lenzi ya 50mm f/1.8. Ile ya 18-55mm ikivutwa hadi mwisho hufunguka f/5.6 tu, f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Ndani ya kanisa au ukumbi wenye taa hafifu, tofauti utaiona mwenyewe. Ila chumba kidogo hakiifai, kwani italazimu urudi nyuma sana.

Megapikseli zisikubabaishe. Canon EOS 2000D na Nikon D3500, zote za mwaka 2018, zina 24, nazo zinatosha kabisa kwa picha ya kutundika ukutani. EOS 4000D ni ya bei nafuu, lakini sehemu inapofungwa lenzi ni ya plastiki. Kwa mtu wa kubadilisha lenzi kila siku, ya chuma ni bora.

Jaribu kabla ya kulipa

Siku hizi viwanda vimegeukia kamera zisizo na kioo ndani, kwa hiyo nyingi za aina hii utakazozikuta ni zilizotumika. Mulika lenzi kwa tochi uone kama imeota kuvu. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16. Madoa meusi ni vumbi ndani. Zima taa, kisha mlenge mtu anayetembea. Usisahau betri ya pili, na risiti ya kuonyesha mpakani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi lenzi ile niliibadilisha kwa AF-S, na sasa kila Jumapili huwapiga picha wazee wa mtaani kwetu bila malipo. Ya baba ndiyo sitaipata tena.