Hisabati ya Madaraja (3): Nukta Mbili Zatosha Lini?

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mlinganyo wa parabola, y = ax² + bx + c, ambao una herufi tatu zisizojulikana na kwa hiyo unadai nukta tatu. Leo nasema mbili zinatosha, mradi moja iwe ncha, yaani pale mkunjo unapogeuka. Msomaji makini atauliza ya tatu imekwenda wapi. Ncha inabeba habari mbili kwa mpigo: inaonyesha mkunjo unapita wapi, na inaonyesha kuwa hapo ndipo pande zake mbili zinapogawanyika sawa. Ukiijua nukta moja ya kulia, mwenzake wa kushoto umeshampata bure. Ndiyo maana ncha ikiwa (h, k) twaandika y = a(x − h)² + k, tukabaki kuitafuta a peke yake. Chukua daraja la Golden Gate la San Francisco, lililofunguliwa mwaka 1937. Minara yake imeachana mita 1,280, na waya mkuu unashuka mita 143 kutoka vilele vya minara hadi katikati. Tukianzia sifuri pale chini kabisa, ncha ni (0, 0) na kilele cha mnara ni (640, 143). Basi 143 = a × 640², na a ni takriban 0.000349. Mita 320 kutoka katikati, waya umepanda mita 35.75 tu: robo ya 143, wala si nusu kama jicho linavyodhani.

Wapo watakaosema mnyororo unaoning'inia si parabola. Ni kweli, Christiaan Huygens alilithibitisha hilo mwaka 1646, akiwa kijana wa miaka 17. Lakini mnyororo ule haubebi ila uzito wake wenyewe. Waya wa daraja unabeba barabara, ambayo uzito wake umegawanyika sawasawa kwa kila mita ya mlalo, na mzigo wa namna hiyo ndio unaozaa parabola. Uzito wa waya huikengeusha kidogo tu.

Pingamizi zito ni jingine: tumechukulia kimya kimya kwamba mhimili wa parabola, yaani mstari unaoigawa pande mbili sawa, umesimama wima. Parabola iliyolazwa, x = 0.0313y², nayo yaanzia (0, 0) na kupita, kwa makadirio, (640, 143). Darajani uvutano wa dunia umeshaamua mhimili. Kwenye mtihani, ni wajibu wa mtunga swali kuutaja.