Godoro Likiingia Bonde: Uongeze Sponji Gani?

Leo tunazungumzia kitu unachokitumia kila usiku, nacho ni godoro.

Godoro jipya ni ghali, kwa hivyo wengi wetu hununua kipande cha sponji na kukilaza juu ya lile lililochoka. Si vibaya. Lakini kabla hujatoa pesa, toa shuka, nyoosha kamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha upime bonde lililo chini ya kamba. Likizidi inchi moja, sponji ya juu haitakufaa sana, kwa maana nayo itafuata bonde lilo hilo. Hapo linalohitaji kubadilishwa ni tabaka la chini.

Tabaka la chini ndilo linalobeba mwili. Liwe la sponji nzito, ile wauzaji huita haidensiti. Sponji laini ikae juu, unene wa inchi moja au mbili tu. Ukizidisha ile laini, nyonga huzama, mgongo hupinda, na asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala.

Utaitambuaje sponji nzuri? Linganisha vipande viwili vikavu vya kipimo kimoja. Kilicho kizito kwa kawaida hudumu zaidi. Kwa mfano, godoro la futi 4 kwa 6, unene wa inchi 6, likiwa la sponji hafifu huwa na kilo 5 na nusu hivi. La sponji nzito zaidi hufika kilo 8 na nusu. Ile ya vipande vya rangi rangi vilivyogandishwa pamoja ni nzito na ngumu. Hiyo itumie chini tu. Kisha ilalie dakika kumi kwa ubavu. Nyonga ikigusa mbao, sponji hiyo ni nyembamba kwako. Ukinunua godoro zima, tafuta alama ya ubora ya KEBS.

Wako wanaosema kwamba mwenye maumivu ya mgongo alale juu ya kitu kigumu kabisa. Utafiti wa Uhispania uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wagonjwa waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia gumu sana. Lakini ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na miguu kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo, homa au kukonda, usihangaike na sponji. Nenda kituo cha afya upesi.

Sasa sikiliza kwa makini, mama na baba mwenye mtoto mchanga. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe juu ya sponji laini, wala kwenye bonde la godoro la watu wazima. Uso ukizama, hana nguvu ya kujigeuza, na anaweza kukosa hewa. Mlaze chali, mahali pagumu na tambarare, bila mto.

Sponji iliyotumika ichunguze kwenye pembe na mishono. Madoa meusi madogo ni dalili ya kunguni, na wadudu hawa huishi miezi bila kula. Godoro lililoloa maji machafu, kama ilivyotokea mafuriko yalipotupata Aprili 2024, lisikaushwe juani na kurudishwa kitandani. Uchafu hubaki ndani ya sponji ambako sabuni haifiki.

Mwisho, usiunganishe tabaka kwa gundi ya fundi wa viatu. Mvuke wake hudhuru, nayo hushika moto haraka. Shona kitambaa kimoja kinachozibana vizuri. Na kumbuka, sponji ikiungua hutoa moshi wenye sumu unaoweza kumwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Weka jiko, mshumaa na koroboi mbali na kitanda.

Kama fedha ni chache, anza na tabaka la chini, na kitanda cha mtoto kitangulie chako. Hadi wakati mwingine, ulale salama.