Karo ya Chuo Kikuu na Watu wa Hali ya Kati

Kijiji cha Kulesa kipo katika bonde la Mto Tana, upande wa Garsen, na watu wa bonde hilo tangu zamani huishi kwa kulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Mto ndio unaowapa rutuba, na mto huo huo ndio unaowapokonya. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 1997, na tena yale ya 2023 na 2024, yaliharibu mashamba mengi. Kwa hiyo mkulima wa huko hana haja ya kufundishwa kwamba mavuno ya mwaka huu si dhamana ya mwaka ujao. Lakini karo ya chuo kikuu haingoji maji yapwe.

Wako watu wadhanio kwamba shida ya karo ni ya maskini peke yao. Tajiri hulipa bila kuuza ng'ombe, na maskini hohehahe umaskini wake waonekana na kila mtu. Aliye katikati, yaani mwalimu, karani, muuguzi, au mkulima mwenye miembe yake, ndiye anayehesabiwa kuwa anacho, na kumbe alicho nacho kimekwisha kugawanywa kabla hakijamfikia mkononi.

Yafaa ikumbukwe jinsi mambo yalivyokuwa. Katika miaka ya kwanza ya uhuru Serikali ya Kenya iliwalipia wanafunzi wa chuo kikuu gharama zote. Mpango wa mikopo ulianza mwaka wa masomo wa 1974/75. Mwaka 1991 wazazi walitakiwa kuchangia gharama, na mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Hata hivyo, kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa na Serikali alilipa shilingi 16,000 tu za masomo kwa mwaka, na vyuo vikaelemewa na madeni.

Ndipo mwaka 2023 ukaletwa mpango mpya. Gharama ya kila somo iligawanywa sehemu tatu: ufadhili wa Serikali usiorudishwa, mkopo, na fungu la mzazi. Mwaka 2024 jamaa za wanafunzi ziliwekwa katika madaraja matano. Daraja la kwanza, la wenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, lilipewa ufadhili wa shilingi 70 katika kila 100, mkopo wa 25, na mzazi akaachiwa 5. Daraja la tatu, la mapato yasiyozidi 70,000, mzazi alitakiwa kutoa 20 katika kila 100. La nne, la mapato yasiyozidi 120,000, alitakiwa kutoa 30. Na la tano, la waliozidi hapo, 40.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu aliyeoa muuguzi, ambao mishahara yao pamoja ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Ikiwa mapato peke yake yatatazamwa, hao ni watu wa daraja la nne. Mtoto wao akichukua somo la shilingi 200,000 kwa mwaka, Serikali itatoa 80,000, mkopo utakuwa 60,000, nao wazazi watatafuta 60,000. Kama mapato yao yangalikuwa 70,000, wangalitafuta 40,000 tu. Mtoto wa pili akifuata na daraja lisibadilike, fungu lao litakuwa 120,000. Hapo hayajahesabiwa makato ya kodi, ya nyumba, ya bima ya afya na ya uzeeni, wala nauli ya kutoka Kulesa kupita Garsen na Malindi hadi Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi.

Mtoto naye hubeba mzigo wake. Katika daraja hilo la nne mkopo wa masurufu ulikuwa shilingi 45,000 kwa mwaka. Ukijumlishwa na ule wa masomo, kijana amalizapo miaka minne atakuwa na deni la shilingi 420,000, kabla ya kuongezwa faida ya 4 kwa mia kila mwaka. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo atatakiwa kuanza kulipa, awe amepata kazi au hajapata.

Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba mpango huo ulivunja Katiba, kwa kuwa uliwabagua wanafunzi na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ikakata rufani, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikaruhusu mpango uendelee wakati kesi ikingojea kusikizwa. Mwaka huo huo Serikali ilitangaza kupunguza karo kwa kiasi cha 15 hadi 40 kwa mia.

Kupunguza karo ni jambo la shukrani, lakini halitoshi ikiwa kipimo chenyewe kina kasoro. Mshahara huandikwa, nao huonekana. Mpunga uliochukuliwa na maji haukuandikwa popote. Mwalimu wa Kulesa aliyekuwa akitegemea shamba kujaza pengo la mshahara huhesabiwa sawasawa na mwenzake ambaye shamba lake halijui mafuriko. Kipimo cha haki hutazama kibakiacho baada ya makato, watoto wangapi wako shuleni, na msiba gani umeipata nyumba mwaka ule. Kadhalika, chuo kikikubali karo kwa mafungu, kufuata majira ya mavuno, hakitapoteza kitu, na mzazi hatalazimika kuuza maembe yangali mtini kwa bei ya kutupa.

Mzazi naye ana wajibu wake. Inampasa kuyajaza maombi kwa ukweli na kutimiza hati zote. Akiwekwa daraja lisilomstahili asinung'unike barazani, bali aitumie nafasi ya kukata rufani. Tena aanze kuweka akiba mtoto angali katika shule ya msingi, kwa maana akiba haiozi. Naye kijana aelezwe mapema gharama ya somo analolitaka na deni litakalomfuata, ili siku atakayovuka Tana kwenda chuoni ajue anachokwenda kutafuta, na kilichotolewa nyumbani ili aende.