Kupaka Rangi Sanamu Ndogo za Askari

Nguo ya askari yenye mabaka hushonwa ili mvaaji asionekane upesi na adui. Sanamu ndogo ya askari, kinyume chake, hufanywa ili itazamwe. Hapo ndipo ilipo taabu ya mtu anayetaka kuipaka rangi sanamu ya namna hiyo. Akiiga kila baka la nguo yenyewe, sanamu yake hugeuka donge la rangi ya matope. Asipoiga kitu, huwa si askari wa kweli. Maelezo haya yatawafaa walimu, wanafunzi na wengineo wa Migori na Homa Bay wanaopenda kuonyesha historia ya nchi yao kwa sanamu.

Jambo la kwanza ni kujua sanamu ni ya vita gani, maana mabaka yana wakati wake. Mwezi wa Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka, yakafika Karungu, pwani ya Ziwa Viktoria katika Migori ya leo, kisha yakaenda Kisii, ambako palipiganwa tarehe 12 ya mwezi huo. Askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya, walivaa kaki. Hali kadhalika askari wa Wajerumani. Neno kaki limetoka Bara Hindi, na maana yake ni rangi ya vumbi. Basi atakayetengeneza mapigano ya mwaka huo asipake baka lolote.

Wala asiwasahau wapagazi. Wanaume wengi wa Nyanza walichukuliwa kubeba vyakula na risasi katika vita vile, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, na Kariokor mjini Nairobi, ni ukumbusho wa kikosi chao. Nyuma ya kila askari wa kaki na awekwe mpagazi mwenye mzigo na blanketi lake. Bila yeye picha ya vita haijatimia.

Katika vita vya pili, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopigana Burma mwaka 1944, askari walivaa nguo za kijani kitupu kwa ajili ya msitu. Nguo za mabaka za Kiingereza zenye rangi nne, yaani mchanga, kijani, kahawia na nyeusi, zilianza kutolewa katika miaka ya 1960, na majeshi mengi yaliyofuata mtindo wa Kiingereza, likiwamo la Kenya, yamevaa nguo za namna hiyo.

Jambo la pili ni kipimo. Sanamu nyingi hufanywa kwa kipimo cha 1 kwa 72. Mtu mwenye urefu wa sentimita 175 huwa na milimita 24 tu, na baka la sentimita 15 huwa milimita 2. Mtazamaji akiishika sanamu hiyo sentimita 30 kutoka machoni pake, ni sawa na kumtazama mtu aliye mbali mita 21 na nusu hivi. Kwa umbali huo jicho halioni kila kijitawi cha baka. Huona mabaka machache makubwa, na rangi zake zimepauka kidogo kwa hewa na mwanga. Hii ndiyo siri ya kazi yote: usipake nguo ilivyo mkononi mwa fundi cherehani, paka nguo ionekanavyo kutoka upande wa pili wa uwanja.

Kazi yenyewe hufuata taratibu hii. Sanamu ya plastiki ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, kisha ipakwe rangi ya kijivu ili rangi nyingine zishike. Sanamu iliyochongwa kwa jiwe la sabuni la Tabaka, katika Kisii jirani na Migori, ifutwe kwanza unga wake wote. Nguo nzima ipakwe rangi ya mchanga iliyoongezwa nyeupe kidogo. Ikikauka, yafuate mabaka ya kijani, halafu ya kahawia, na mwisho mistari michache myembamba ya nyeusi. Mchanga uachwe uonekane kati ya mabaka, la sivyo nguo itakuwa giza tupu.

Mabaka yasipite moja kwa moja kutoka mkononi hadi kifuani. Nguo ya kweli hukatwa vipande na kushonwa, na mabaka hukatika penye mshono. Baada ya hapo, rangi ya kahawia iliyotiwa maji mengi iachwe itiririke katika mikunjo. Na brashi iliyokaribia kukauka, yenye rangi hafifu, ipitishwe juu ya mabega na magoti. Mkanda, kofia na bunduki vipewe rangi moja moja, ili jicho lipate pa kutulia. Vanishi isiwe ya kung'aa, kwa sababu nguo ya askari haing'ai.

Kwa kuchagua rangi, si lazima kutegemea vitabu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, majani ya kiangazi ni ya manjano iliyofifia, na udongo ni mweusi. Twiga wa hapo ana mabaka makubwa yenye mipaka dhahiri, lakini akisimama kati ya migunga huweza kumpotea mtazamaji, kwa kuwa mabaka hulivunja umbo la mwili. Ndivyo ifanyavyo nguo ya askari.

Kazi ikiisha, chini ya ubao wa sanamu paandikwe mahali na mwaka, kama vile "Karungu, 1914". Mtoto atakayeisoma atauliza waliokuwapo ni nani, na mwenye sanamu awe tayari kumjibu, kuanzia kwa askari hata kwa mpagazi.