Mwanagenzi Asahihishwe, Asivunjwe Moyo

Siku hizi ofisi za serikali, mabenki, vyama vya ushirika na hata maduka madogo ya mitaani huendeshwa kwa programu za kompyuta na za simu. Kwa hiyo suala la nani atakayeziandika programu hizo si dogo. Wako vijana wengi, wa Bara na wa Visiwani, wanaojifunza kazi hiyo hivi sasa. Wengi wao hawana mwalimu karibu. Mwalimu wao ni mtandao, na wanapokwama huiweka kazi yao mbele ya watu wasiowajua, wakaomba maoni. Leo tunapenda kuzungumza juu ya majibu wanayopewa vijana hao, maana tunaamini kwamba katika majibu hayo imo faida kubwa ya taifa, au hasara yake.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, hatumtaji mtu. Tuseme yuko kijana katika Choma, wilayani Igunga, katika mkoa wa Tabora. Huko pamba hulimwa, na mkulima huishi kwa kutegemea mizani. Kijana huyo amejifundisha mwenyewe kuandika programu, naye ameandika ya kwanza: ya kuweka hesabu ya pamba inayopimwa na malipo ya kila mkulima. Programu inafanya kazi, lakini ina makosa mawili. La kwanza, inahesabu uzito kwa kilo kamili tu, hata mzigo wa kilo 27.8 huandikwa kilo 27. Mkulima aliyeleta mizigo mitatu ya namna hiyo amepoteza kilo 2.4 bila mwizi kuonekana. La pili, inamtambua mkulima kwa jina lake peke yake. Na katika nchi yenye akina Masanja na akina Maganga wengi, wakulima wawili wenye jina moja watajikuta wana hesabu moja.

Kijana anaionyesha kazi yake mtandaoni na kuomba ushauri. Atajibiwaje?

Mara nyingi jibu la kwanza huwa la dharau. Mtu huandika kwamba programu hiyo haifai kitu, au kwamba mwenyewe aende akasome kwanza ndipo asumbue watu. Jibu kama hilo huchoma moyo, wala halisemi kosa liko wapi. Kijana akiifunga kompyuta yake siku hiyo asiifungue tena, hakuna aliyefaidika: yeye hakujifunza, mkulima hakupata mizani ya haki, na aliyedharau hakuongeza chochote katika elimu yake mwenyewe.

Jibu la pili ni la sifa tupu. Watu humwandikia hongera, wakamwambia kwamba kazi ni safi sana na aendelee hivyo hivyo. Maneno haya ni matamu, lakini hatari yake ni kubwa kuliko ya dharau, kwa sababu kijana ataichukua programu na makosa yake akaipeleka kwenye mizani. Sifa isiyotazama kazi ni namna ya uongo, na gharama yake hulipwa na mtu wa tatu ambaye hakuulizwa.

Jibu la tatu hutoka kwa mtu mwema lakini mwenye haraka. Huyu huiandika programu yote upya, kwa ufundi wake, kisha humrudishia kijana ikiwa imekamilika. Mwanagenzi hupokea kitu asichokielewa. Kesho kitakapoharibika, atarudi kuomba kingine.

Mshauri anayefaa hafanyi lolote katika hayo. Kwanza huiendesha programu yenyewe, akauliza mwenzake alikusudia nini. Kisha hutaja kilicho sawa kwa jina lake, si kwa kupamba, ili mwanagenzi asije akakibomoa wakati wa kurekebisha kingine. Ndipo hueleza kosa, naye huanza na lile linalomdhuru mtu. Mpangilio wa mistari na majina ya vigeu vinaweza kungoja. Kilo za mkulima haziwezi. Maneno yake yanaweza kuwa machache tu: "Nimeingiza kilo 27.8, programu imeandika 27. Sababu ni kwamba uzito umeuhifadhi kama namba kamili, na namba kamili haina nafasi ya sehemu ya kumi. Jaribu kuuhifadhi kwa gramu, kisha uangalie jibu. Kuhusu majina, mpe kila mkulima namba yake peke yake. Ukikwama, rudi." Katika maneno hayo mna mahali pa kosa, ushahidi wake, sababu yake na hatua inayofuata. Kazi ya kurekebisha imebaki mikononi mwa mwenyewe, na mlango umeachwa wazi.

Huenda wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya adabu tu, yasiyostahili safu ya mhariri. Hatukubaliani nao, na historia ya nchi yetu ni shahidi. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Baadaye serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake kwenye kompyuta, na mpango huo ukashindwa. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Hatusemi kwamba viongozi wa wakati ule hawakuwa na sababu. Fedha za umma zilikuwa zimepotea, na wataalamu walikuwa wachache mno. Lakini matokeo yake yanajulikana. Masharti yalikuja kulegezwa katika miaka ya 1980, na muda ule wote, wakati nchi nyingine zilipokuwa zikijifunza kwa kukosea na kusahihisha, sisi tulikuwa tumefunga mlango. Nchi nzima ilikuwa mwanagenzi aliyekosea, na badala ya kuonyeshwa kosa ikanyang'anywa chombo.

Wenye uzoefu wa kazi hii katika nchi nyingine nao walichelewa kulitambua jambo hili. Mwaka 1971 Mmarekani Gerald Weinberg aliandika kitabu juu ya tabia za waandishi wa programu, akaeleza kwamba mtu akiichukulia programu yake kama sehemu ya nafsi yake, hataliona kosa lake wala hatavumilia kuonyeshwa. Mwaka 1976 Michael Fagan wa kampuni ya IBM alitangaza utaratibu wa wafanyakazi kukaguliana programu, naye akaonya kwamba makosa yanayopatikana katika ukaguzi huo yasitumiwe kumpimia mfanyakazi. Sababu iko wazi: mtu anayejua kwamba kosa lake litageuzwa fimbo atalificha, na kosa lililofichwa halisahihishwi.

Mfano ulio karibu zaidi na wakati wetu ni wa Linus Torvalds wa Finland. Mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kwa watu asiowajua kwamba anaandika mfumo mdogo wa kuendeshea kompyuta, akawaomba maoni. Aliyapata, na Linux, kazi iliyotokana na tangazo hilo, leo imo ndani ya kila simu ya Android iliyoko mikononi mwetu. Lakini yeye mwenyewe alipokuwa mkubwa wa kazi alijulikana kwa ukali wa maneno kwa waliomletea kazi zenye kasoro. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa maneno yake, akapumzika kwa muda ili ajirekebishe. Ikiwa fundi wa kiwango hicho amekiri kwamba matusi si sehemu ya ufundi, sisi tutatoa udhuru gani?

Msomaji wetu wa Unguja au wa Pemba huenda akauliza, Choma na sisi wapi na wapi? Tunamjibu kwamba Tabora na Visiwa hivi vimejuana zamani. Misafara ya karne ya 19 iliyopitia Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikusanya mali yake Zanzibar, na mabega yaliyoibeba yalikuwa kwa sehemu kubwa ya Wanyamwezi. Njia hiyo ilipitisha pia watumwa, wala hatuisifu kwa hilo. Lakini ilithibitisha jambo moja: mzigo uliofungwa vibaya mahali pamoja huja kufunguka mahali pengine, mbali sana na aliyeufunga. Ndivyo ilivyo programu. Inayoandikwa Choma leo inaweza kutumika Chake Chake kesho, na kosa lake litasafiri nayo.

Zaidi ya hayo, watu wa Visiwani hawahitaji kufundishwa na mtu wa nje namna ya kulea mwanagenzi. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mwanagenzi wa fundi wa majahazi akikosea kalafati, fundi humwonyesha ufa unaopitisha maji, akamweleza kwa nini pamba haikushika, akamwachia nyundo arudie. Hamfukuzi pwani, wala hamsifu na kukiacha chombo kishushwe baharini na ufa wake. Desturi hiyo tunaijua. Kilichobaki ni kuipeleka katika ufundi huu mpya.

Anayeomba ushauri naye ana wajibu wake. Aeleze alichokusudia, alichokifanya, alichotarajia na kilichotokea. Ujumbe wa kosa aunakili kama ulivyo, asiseme tu kwamba programu imekataa. Apunguze kazi yake mpaka ibaki ile sehemu yenye tatizo, maana mara nyingi kosa hujitokeza lenyewe katika kupunguza huko. Asiweke hadharani majina na namba za simu za wakulima wa kweli. Atumie majina ya kubuni, na akumbuke kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na akisahihishwa, asione amevunjiwa heshima. Aliyetumia nusu saa ya jioni yake kuisoma kazi ya mtu asiyemjua amemfanyia hisani.

Iko pia habari ya lugha. Ujumbe wa kosa unaotolewa na kompyuta huwa kwa Kiingereza, na kijana wa shule ya kata huusoma kama fumbo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kuonyesha mwaka 2004, kwa programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice, kwamba Kiswahili kinaweza kuzungumza ndani ya kompyuta. Basi mtaalamu anayemjibu mwanagenzi na amjibu kwa Kiswahili kilicho wazi, na neno la kigeni alieleze. Elimu iliyofichwa katika lugha ngumu ni mlango mwingine uliofungwa.

Kwa ndugu zetu wa serikalini tuna ombi mahsusi. Kila mwaka vijana huleta ofisini programu walizozibuni, nyingine kwa ajili ya zahanati, nyingine kwa ajili ya shule au masoko. Nyingi hazijakomaa, na ni haki kuzikataa. Lakini ofisa anayekataa kwa neno moja, au anayeiacha barua kabatini bila jibu, amefanya nusu ya kazi yake. Na aandike sababu: programu imeshindwa wapi, kwa kipimo gani, na irekebishwe nini kabla ya kurudishwa. Mamlaka ya Serikali Mtandao, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na vyuo vingine vina wataalamu. Saa chache za wataalamu hao kila mwezi, zikitengwa kwa ajili ya kusoma kazi za wanagenzi na kuwajibu, zitazaa zaidi ya semina nyingi zenye hotuba ndefu.

Wala tusidanganyike kwamba upole ni kuficha kosa. Mkulima wa Choma anadai kilo zake 2.4, na hakuna heshima kwa kijana inayoweza kuwa kubwa kuliko haki ya mkulima huyo. Kosa lisemwe lote, lisemwe mapema, lisemwe kwa ushahidi. Tunachoomba ni kwamba lisemwe kwa namna itakayomwezesha aliyelitenda kulirekebisha kwa mkono wake mwenyewe. Mlango tuliokwisha kuufunga mara moja mwaka 1974 tusiufunge tena, safari hii kwa ndimi zetu.