Plagi Erevu: Daraja la Mawimbi Katika Nyumba ya Mawe

Nyumba za kale za Mombasa na Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Kuta zake nene huzuia joto na huhifadhi siri za wenyewe. Hiyo ni neema. Hata hivyo, kwa vifaa vya kisasa vinavyowasiliana kwa mawimbi ya redio, kuta hizo hizo ni kizuizi kikubwa.

Jambo hili hutugusa zaidi tunapomtunza mzazi aliyeanza kusahau, ambaye huenda akafungua mlango usiku wa manane na kutoka. Kihisi kidogo kikibandikwa mlangoni, simu ya mwanawe hulia mara mlango unapofunguliwa. Sisi twakipendelea kihisi hiki kuliko kamera, kwa kuwa hakimpigi mzazi picha wala hakinasi maneno yake; hueleza tu kwamba mlango umefunguka. Mzazi hulindwa na sitara yake ikabaki. Ni heshima pia kumweleza kabla ya kukiweka.

Lakini kihisi kisichosikika ni hatari, maana watu wote hulala wakitegemea onyo lisilofika.

Vihisi vingi vya aina hii hutumia mtandao uitwao Zigbee, katika masafa ya gigahezi 2.4. Hutumia nguvu kidogo ili betri idumu, na kwa hivyo sauti yake ni hafifu. Kituo kikuu kikiwa sebuleni chini, na mlango ukiwa nyuma ya kuta mbili au tatu, ujumbe hupotea njiani.

Hapo ndipo plagi erevu inapofaa. Hiki ni kifaa kinachochomekwa kwenye soketi, kisha taa au feni huchomekwa juu yake ili iwashwe na kuzimwa kwa simu. Kwa kuwa hupata umeme muda wote, plagi ya Zigbee huweza kuupokea ujumbe wa kihisi na kuupeleka mbele, mithili ya mafundi wanaopokezana karai za zege ngazini. Vihisi vya betri havifanyi kazi hiyo, kwani hulala ili kuhifadhi nguvu.

Tuzingatie mambo matano. Kwanza, tusome maandishi ya kasha: plagi ya waifai haiusaidii mtandao wa Zigbee. Tuchague pia ya pini tatu bapa, inayofaa umeme wetu wa volti 240.

Pili, tuiweke kati ya kituo na kihisi, karibu na ngazi au uwazi wa mlango. Tukiitia pale ambapo mawimbi hayafiki kabisa, nayo haitasikika. Tuitenge pia na ruta ya waifai, ambayo mara nyingi hutumia masafa yayo hayo.

Tatu, swichi ya soketi ya ukutani isizimwe. Plagi ikizimwa kwa simu bado hupitisha ujumbe. Ikizimwa ukutani, daraja limevunjika. Watoto na msaidizi wa nyumbani waelezwe.

Nne, pasi, birika la umeme na vifaa vingine vya moto visichomekwe juu yake iwapo uwezo wake hautoshi.

Tano, baada ya kuweka plagi, tukiunganishe kihisi upya kikiwa pale pale mlangoni, kwani baadhi ya vihisi hung'ang'ania njia ya zamani.

Umeme ukikatika, daraja hili nalo hukatika. Basi komeo la mlango, jirani mwema na mwana anayelala karibu na mzazi wake vina nafasi ile ile vilivyokuwa nayo. Na kila Ijumaa baada ya sala, mmoja wetu aufungue mlango ule, mwingine ashike simu, tusikilize kama inalia.